Kurunzi Anajibu Kabla Hajaulizwa

2 Machi

Mvua zimeanza leo, na paa la chumba chetu cha kazi hapa nyumbani limeanza kuvuja siku hiyohiyo. Nimesogeza meza yangu mara mbili: kwanza kulikimbia tone la dirishani, halafu kulikimbia tone lililonifuata. Kaka hakusogea. Meza yake iko pakavu, na sijawahi kuiona mahali pengine.

Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Mama nikimwambia lolote kuhusu kaka, ananiuliza kama kaka amekula.

Kazi yenyewe ni hii. Mchapishaji wetu, ambaye sisi tunamwita Bwana Haraka kwa kuwa hata salamu anaiitikia akiwa ameshageuka kuondoka, amepata rundo la katuni kuukuu za ng'ambo, za enzi za babu zetu. Kampuni iliyozitoa ilikufa zamani. Hakimiliki imekwisha muda wake, kwa hiyo sasa ni mali ya yeyote mwenye karatasi na wino. Zinatufikia zimeskaniwa na madoa yake yote. Kaka anazisafisha na kuchora upya palipofutika. Mimi natafsiri maneno, halafu nayaandika kwa mkono ndani ya viputo, yale mawingu madogo yanayotoka midomoni mwa watu.

Shujaa ana taa kubwa kifuani inayowapofusha majambazi. Nimempa jina la Kurunzi. Msaidizi wake ni mtu mzima, mfupi, mwenye kofia inayomziba macho. Huyo nimemwita Utambi. Kaka kayapenda hayo majina. "Ndiyo yaleyale niliyokuwa nayawaza," kasema.

Ameniahidi kwamba safari hii jina langu litakaa jaladani pamoja na lake. Kazi zote tulizowahi kutoa zina jina lake peke yake, na aliyeliandika hapo, kwa herufi nzuri zenye kivuli, ni mimi.

5 Machi

Mvua. Utambi kafungwa kamba tena.

9 Machi

Leo nimeelewa kazi ya Utambi ni nini. Hapigani, haendeshi gari, hafumbui fumbo lolote. Kazi yake ni kuuliza. "Umejuaje, Kurunzi?" Akishauliza, Kurunzi anashika kiuno na kueleza alivyojua, ukurasa mzima. Mtoe Utambi, Kurunzi anabaki mtu anayeongea peke yake barabarani huku taa inamwakia kifuani, na wenye akili zao watavuka upande wa pili kumkwepa. Lakini nani anashukuriwa? Mwisho wa kila hadithi meya anampa Kurunzi mkono, na Utambi anaonekana nyuma, nusu tu, amekatwa na ukingo wa fremu, kile kisanduku cha mchoro.

Halafu nimebishana na kaka juu ya kushoto na kulia. Tunasoma kuanzia kushoto, kwa hiyo anayesema kwanza anatakiwa akae kushoto. Kaka, kila fremu anayoichora upya, anamweka Kurunzi kushoto, mkubwa, kifua mbele, na Utambi kule kulia. Sasa muulizaji ni Utambi. Ukiviacha viputo juu ya vichwa vya wenyewe, msomaji anakutana na jibu kwanza, swali baadaye. Basi mimi nakipandisha kiputo cha Utambi juu kabisa kushoto, nakishusha cha Kurunzi chini, halafu naipinda mikia ya viputo ipishane bila kugusana, mpaka shingo inaniuma.

"Kaka, si umweke Utambi kushoto tu?"

"Shujaa anakaa kushoto," kanijibu bila kuinua kichwa. "Ndiye anayetakiwa kuonwa kwanza. Hayo mengine ni mambo ya maneno, na wewe ndiye wa maneno."

Nimerudi kwenye meza yangu nikapinda mikia.

11 Machi

Hakuna jipya. Kaka kapiga miluzi siku nzima.

16 Machi

Nimeichoka "Umejuaje". Nimeiandika mpaka kalamu inaiandika yenyewe. Leo tulikuwa na ukurasa ambao Utambi amefungwa kwenye kiti, na Kurunzi anaingia kwa kuvunja dirisha, vioo vinaruka kila upande. Kwenye maneno ya asili Utambi analia kwa furaha na kusema alijua tu kwamba shujaa wake atakuja. Nimeyatazama hayo maneno kwa muda. Halafu ndani ya kiputo nikaandika: "Mlango ulikuwa wazi, Kurunzi."

Ukurasa uliofuata Kurunzi anainua pua na kutangaza kwamba ananusa hatari. Utambi wangu akamjibu: "Ni viatu vyako. Tumetembea tangu jana."

Kaka kazipokea kurasa, kazitazama, kazifunga. Huwa hasomi viputo. Kwake yeye ni matundu meupe yanayomharibia mchoro.

24 Machi

Toleo la kwanza limetoka. Jina la kaka jaladani, peke yake. Anasema Bwana Haraka alikuwa na haraka. La kwangu litaingia kwenye toleo la pili, nisiwe na moyo mdogo.

Nilipopita kwa fundi viatu, anayefanya kazi chini ya ngazi za ofisi ya Bwana Haraka, nilimkuta kaweka kiatu cha mtu chini, kitabu mkononi, anacheka mpaka misumari imemtoka mdomoni.

"Dada, umemsoma huyu Utambi? Huyu mtu ana dharau!"

"Nimemsoma," nikasema.

"Kaka yako ni mwisho. Anayatoa wapi haya?"

Nyumbani mama naye alikuwa nacho, kavaa miwani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Akaniita nikae nimsikilize akinisomea. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, pale pa mlango kuwa wazi, na akayasoma vizuri, maana mama ni mchekeshaji kuliko sisi wote. Kisha akafuta machozi, akasema, "Kaka yako ana maneno, jamani!"

Nilitaka kusema. Nimeangalia alivyofurahi nikashindwa. Nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

30 Machi

Tumeitwa ofisini. Bwana Haraka hakukaa hata kidogo, anazunguka meza tu.

"Huyu msaidizi anauza!" akasema. "Watu hawamtaki Kurunzi, wanamtaka huyu mwenye kofia. Nani kaleta hili wazo?"

Nikafungua mdomo.

"Nilimwambia mdogo wangu amchangamshe kidogo," kaka akasema. "Nikaona vile alivyo kapooza sana."

Nilibaki mdomo wazi kama nimeduwazwa na ile taa ya kifuani. Kwenye ngazi nikamshika shati.

"Uliniambia lini?"

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema, na kibaya zaidi ni kwamba anaamini. Kaka si mwongo. Wazo lolote zuri likiingia kwenye chumba alichomo, analichukulia kuwa lilitoka kwake.

3 Aprili

Toleo la pili. Jina la kaka. Sina la kuongeza.

8 Aprili

Rundo limekwisha, na limekwisha vibaya. Hadithi ya mwisho haina mwisho. Utambi amefungwa kwenye bomba ndani ya ghala la chini ya ardhi, maji yanapanda, yamemfika kifuani. Kurunzi yuko juu, anazunguka, hajui mlango uko wapi. Kwenye fremu ya chini kabisa wameandika kwamba yaliyobaki tuyatafute toleo lijalo. Toleo lijalo halikuwahi kuchapishwa. Kampuni ilifunga milango na Utambi akaachwa kwenye maji, na yumo mpaka leo.

Tumempelekea Bwana Haraka ofisini, na yeye haoni tatizo. "Si mali ya umma? Basi malizeni wenyewe! Hakuna wa kutushtaki. Toleo kubwa, la pekee, kabla mvua hazijakatika, watu wakiwa bado wamejifungia ndani."

"Na jaladani?" nikauliza. Alikuwa ameshatoka.

Kaka kanishika bega. "Hili la mwisho ni jina langu na jina lako, mdogo wangu. Hadithi yetu wenyewe, siyo ya kutafsiri. Naapa." Macho yalimng'aa, na nikamwamini. Nimerudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja naye tukipanga, tukikatizana maneno, tukiruka madimbwi. Kwa muda ule nilikuwa na furaha, na naandika hivyo hapa ili nisije nikajidai sikuwa nayo.

12 Aprili

Nimeandika mwisho wangu na kumwekea kaka mezani. Kaweka kikombe cha chai juu yake.

14 Aprili

Nimemuuliza kama amesoma. Kasema anasoma kwa makini.

17 Aprili

Kikombe kimeondoka, karatasi bado ipo, na duara lake la chai. Kaka anachora na kuficha kwa mkono anachochora. Mvua haijakatika tangu Jumanne, kila kitu humu ndani kina ukungu, hata kalamu zangu.

20 Aprili

Leo nimeweka kalamu chini.

Kaka aliniita asubuhi. Kurasa zote zilikuwa zimepangwa sakafuni kwa mstari kutoka mlangoni hadi dirishani, na yeye kasimama mwisho wa mstari, mikono nyuma, kama bwana harusi anayengoja. Nikaanza kuzipitia. Michoro ni mizuri. Sitasema uongo kwa hasira: sijapata kuona maji yaliyochorwa vile, unahisi baridi yake. Yanampanda Utambi shingoni, kidevuni, halafu inabaki kofia tu inaelea. Ukurasa unaofuata Kurunzi amepiga magoti na maiti mikononi, taa ya kifuani imefifia, analia.

"Umemuua," nikasema.

"Umeona lile chozi? Nimelichora mara nyingi mpaka likakubali."

"Kaka, umemuua Utambi."

"Lazima. Shujaa hawezi kuwa shujaa wa kweli kama hajapoteza kitu."

"Si apoteze taa!"

"Taa haililiwi."

"Kwa hiyo huyu mtu kafungwa kamba vitabu vyote hivi, kauliza maswali ya kijinga maisha yake yote, na sasa anakufa ili mwenzake apate cha kulilia."

"Watu wanampenda, kwa hiyo kifo chake kitauma. Hiyo ndiyo sanaa." Akasema hivyo kwa upole, ule upole wake wa kunieleza mambo. "Wewe sasa tia maneno tu."

"Maneno gani? Mtu yuko chini ya maji!"

"Kabla hajakata roho. Pale, nimekuachia nafasi. Anamtazama Kurunzi anasema, 'Asante, Kurunzi.'"

"Asante ya nini?"

Kaka akakunja uso. Naona kweli alitafuta jibu. Akatazama ukurasa, akatazama dirisha. "Ya kila kitu," akasema.

 Nikamuuliza kama alisoma nilichoandika. Akasema alipitia, kilikuwa kizuri, ila kilimchekesha, na yeye hataki kuchekesha kwenye toleo kubwa. Nikamuuliza basi jina langu jaladani litakuwa la nani, la mwandishi wa asante? Akasema, "Sasa unaanza mambo ya majina, wakati kazi ndiyo muhimu." Mtu ambaye jina lake nimelitilia kivuli kwa mkono wangu miaka nenda miaka rudi ananiambia kazi ndiyo muhimu.

Nikafunga kalamu. Nikaiweka kwenye meza yake, pale pakavu.

"Andika mwenyewe," nikasema.

"Usiwe mtoto."

"Una mkono mzuri, kaka. Maneno ni mambo madogo. Andika."

Mama alikuja aliposikia sauti. Akazitazama kurasa, akamwona Utambi amelala mfu, akaguna. Nilidhani walau yeye atamsikitikia. Akasema, "Mtu wa kuchorwa tu! Watu wazima wawili mnanuniana kwa ajili ya mtu wa kuchorwa. Na kaka yako hajanywa hata chai."

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyo jioni hii. Nimevimba na sina wa kunipasua. Si kwamba Utambi ni mtu, najua si mtu. Ila nimemsemea kwa muda mrefu, na kila alichosema kikachekesha watu kilikuwa changu, na nilikuwa nimejiandaa kwamba mara hii mtu atageuza jalada aone kilitoka wapi. Kaka akimzamisha, ananizamisha na mimi, halafu ananitaka niseme asante.

21 Aprili

Kaka anaandika viputo mwenyewe. Namsikia akitamka herufi.

22 Aprili

Kaniuliza wino upi unakauka upesi. Nimemwonyesha. Hatujaongea mengine.

25 Aprili

Nimelala mchana kutwa, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa shule. Nimeamka na hasira ileile.

28 Aprili

Bwana Haraka kaniita na mimi, japo sikuwa na kazi kwenye zile kurasa. Nilimkuta kaka kaketi, na fundi viatu kaketi pia, amepandishwa juu na aproni yake, maana Bwana Haraka siku hizi humpa asome kwanza kila kitu kabla hakijakwenda kiwandani kuchapwa. Fundi viatu alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Nikadhani analia. Nikaona, basi kaka alikuwa sahihi, kifo kimeuma.

Alikuwa anacheka. Alikuwa amecheka mpaka sauti imekwisha.

"Soma, soma tena pale," Bwana Haraka akamwambia, na yeye mwenyewe hakuwa anacheka hata kidogo.

Fundi viatu akavuta pumzi, akasoma. "Kurunzi anasema: 'Ni bomba la tatu, Utambi!' Halafu Utambi: 'Kurunzi, nimefungwa bomba la ngapi?' Kurunzi: 'Hapana, sitakuacha!' Utambi: 'Utaniacha?'"

Kaka alikuwa amewachora vilevile anavyowachora siku zote, Kurunzi kushoto, Utambi kulia, na viputo kaviweka juu ya kila kichwa, vimenyooka, mikia haina hata kona. Hakujua kama kuna kitu cha kupinda. Kitabu kizima Kurunzi anajibu kabla hajaulizwa.

"Na mwisho sasa," fundi viatu akasema, akafuta macho kwa aproni. "Kurunzi amemshika marehemu. 'Lala salama, rafiki yangu. Umekwenda.' Halafu marehemu: 'Asante, Kurunzi.'"

Akashindwa tena. "Dada, maiti inashukuru!"

"Nilitaka watu walie," Bwana Haraka akasema. "Kiwanda kinatungoja. Ijumaa ya wiki ijayo nikose kitabu cha kueleweka, naliua toleo hili na mfululizo wote. Haraka."

Nilikuwa nimeisubiri siku hii. Kitandani nimeipanga nitakavyocheka. Nikamtazama kaka nianze, nikakuta kainamisha kichwa anasoma. Anasoma viputo, kimoja kimoja, kidole kinakwenda kushoto, kulia, kinarudi.  Sikucheka. Hata raha yangu moja niliyoingojea kaniharibia.

29 Aprili

Mvua ya mawe asubuhi. Kaka kaketi mbele ya kurasa hafanyi kitu. Mama kaingia na chakula, katoka nacho.

Alasiri akaja kwenye meza yangu. Sikumbuki mara ya mwisho alivuka chumba hiki kuja upande wangu. Tone likamwangukia shingoni, akaruka.

"Hapa panavuja!"

"Tangu Machi, kaka."

 Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Swali linakaa wapi?"

Nikachukua toleo la kwanza, nikamwonyesha. Nikafuata mikia ya viputo kwa kidole: huu umepita chini ya mkono wa Kurunzi, huu umezunguka taa, huu umejificha nyuma ya kofia ili usimkate mtu shingo. Alitazama fremu baada ya fremu. Alikuwa anaitazama michoro yake mwenyewe.

"Vyote hivi ulikuwa unavipinda wewe?"

"Sasa nani mwingine?"

"Mbona hukuniambia?"

Hapo karibu nimrushie wino. "Nilikwambia! Ukasema shujaa anakaa kushoto!"

Kafikiria. "Nilisema," akakubali. Ni jambo dogo, lakini kutoka kwa kaka si dogo.

Nikampa masharti yangu bila kumbembeleza. Utambi hafi. Utambi anahamia kushoto. Nilichoandika ndicho kinachochorwa. Akasema sawa kwa mawili ya kwanza, na kwa la tatu akaniuliza ile karatasi iko wapi. Ilikuwa chini ya kikombe kingine.

1 Mei

Tunafanya kazi. Sidai kwamba tunaelewana.

Kwenye mwisho wangu Kurunzi anashuka ghalani, maji yanafika kwenye taa yake na inazimika kwa kishindo. Ghala zima giza. Utambi kamba alishazifungua zamani; mtu aliyefungwa vitabu vyote hivi lazima awe amejifunza mafundo. Sasa ni Kurunzi aliyepotea, anapapasa kuta, na kwa mara ya kwanza ndiye anayeuliza: "Utambi, uko wapi? Tutatokaje?" Utambi anamwambia: "Fuata sauti yangu. Na usiniguse, una umeme."

Kaka kabisha juu ya joho analovaa Kurunzi mgongoni, kwamba likilowa halipepei. Kabisha juu ya giza, kwamba kurasa nyeusi zinamaliza wino. Kabisha kwamba Kurunzi hawezi kupapasa, inamshushia heshima. Nikamwambia basi na ajikwae. Tumenuniana kutoka chai hadi chakula cha mchana, halafu akachora anapapasa, akachora vizuri mno, uso mzima wa mtu mkubwa anayeogopa. Sikumsifu. Yeye husifiwa na kila mtu.

3 Mei

Tatizo jipya. Ile kofia imechukuliwa na maji, na kumbe hakuna aliyewahi kumchora Utambi macho, si mchoraji wa zamani, si kaka.

"Ana uso gani?" kaniuliza.

"Mpe uso wa mtu aliyechoka."

Akanitazama usoni, halafu akaanza kuchora moja kwa moja bila kufuta. Sijapenda hata kidogo. Nimemwachia.

6 Mei

Bwana Haraka kazisoma kurasa amesimama, na fundi viatu kasomea begani kwake. Fundi viatu hakucheka mpaka pale pa umeme, halafu akafika kwenye ule uso, akasema, "Kumbe ndivyo alivyo." Basi tukajua imepita.

Tukaja kwenye jalada.  Bwana Haraka akapiga makofi mara moja, akasema amelifikiria akiwa njiani. Ataandika: Msanii na Dada Yake. "Mnaona? Kama Kurunzi na Utambi! Shujaa na msaidizi wake nje, shujaa na msaidizi wake ndani. Inauza hiyo!"

"Si mbaya," kaka akasema.

Kasema hivyo. Baada ya yote. Nilimgeukia, sijui uso wangu ulikuwaje, ila aliuona, maana alipepesa macho mara kadhaa.

"Nina jina," nikasema.

"Ndiyo, dada, najua una jina," Bwana Haraka akasema. Akachukua kalamu ya kuandikia. Kalamu ikabaki hewani. Mtu huyu nimempelekea kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Unaitwa nani vile?"

Kaka akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Nikalitaja mwenyewe, lote, na la baba. Nimeona ajabu kulisikia humo ofisini. Bwana Haraka akasema jina zuri, refu kidogo, haya liandikeni, asubuhi keshokutwa liwe hapa.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni kaka akasema, "Nilikuwa nataka kulisema."

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana nilikutazama."

7 Mei

Jalada lilikuwa mezani kwangu leo tangu asubuhi. Utambi kushoto, Kurunzi kulia, maji magotini, na juu yao ukanda mweupe wa majina. Mvua ilikuwa manyunyu tu, mwanga mzuri. Nikakoroga wino, nikanyoosha mkono. Nikaanza na la kaka kama ninavyoanza siku zote, kubwa, lenye kivuli, mkono ukaenda wenyewe. Nikaweka neno "na". Nikaanza la kwangu.

Halikutosha. Jina la kwanza lilikaa vizuri, la baba likaanza kubanwa, na herufi za mwisho zimesongamana ukingoni kama watu wanaokimbilia mlango, ya mwisho imepanda juu ya mwenzake. Mimi, ambaye kazi yangu yote ni kupimia maneno nafasi! Nimewahi kuingiza hotuba nzima ya meya kwenye kiputo kisichozidi kifungo cha shati. Lakini jina langu sijawahi kuliandika mahali popote zaidi ya kwenye fomu, sikujua upana wake, na nikaanza kulia kwa hasira juu ya wino mbichi.

Kaka akaja kutazama. Nikangoja aseme kwamba hata hivyo linasomeka.

"Limebanwa," akasema.

"Naona."

"Una karatasi nyingine?"

Ninayo. Nimeshaikata na kuipigia mistari, ipo hapa mbele yangu wakati wino wa humu unakauka. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, nitaandika upya. Nitaanza na langu, kwa ukubwa wake, halafu ndiyo nione kaka amebakiwa na nafasi gani.